Redio za Mawasiliano: Usinunue Bila Kebo, Programu na Faili Yake

Hali hii inajulikana na vikundi vingi. Kikundi cha maskauti wa ranchi, kamati ya ulinzi ya kijiji au shule ya bweni inachanga pesa na kununua redio kumi za mawasiliano, zile ambazo wengi wetu huziita woki-toki. Muuzaji anazipanga, anazijaribu mbele ya kamati, kila mtu anafurahi. Miaka miwili inapita. Redio moja inaibwa, nyingine inatumbukia majini, na kikundi kinanunua mbili mpya za aina ileile. Hapo ndipo shida inaanza. Redio mpya zinawaka, taa zinamulika, ukibonyeza zinalia, lakini hazisikilizani na zile nane za zamani. Aliyezipanga hapatikani kwa simu. Fundi wa mjini anasema programu ya redio hizo hana. Wa pili anasema anayo, lakini redio inadai nenosiri.

Katika kaunti yetu jambo hili si la mzaha. Usiku ambao tembo wanavuka kutoka mbugani kuelekea mashamba ya Sagalla au Kasigau, skauti mwenye redio bubu ni sawa na skauti asiye na redio. Simu za mkononi hazishiki kila mahali nyuma ya milima yetu, na hata zinaposhika haziwezi kuita watu kumi kwa mara moja. Mlinzi wa bweni anayeona moshi saa nane za usiku hana muda wa kutafuta nambari.

Makala haya yanaeleza redio hizi hupangwaje, programu na kebo za kuzipanga hupatikana vipi, na kikundi kidai nini kabla ya kumlipa muuzaji shilingi ya mwisho.

Kwa nini redio nzima inakuwa bubu

Redio ya kawaida ya kusikilizia habari ina kitufe cha kutafuta stesheni. Redio ya mawasiliano ya kikazi haina. Imefanywa hivyo makusudi, ili mlinzi asije akahama masafa kwa bahati mbaya akiwa gizani. Kitu pekee anachogeuza ni namba ya chaneli: 1, 2, 3. Lakini namba hiyo ni jina tu. Chaneli 1 ya redio yako na chaneli 1 ya redio ya jirani zinaweza kuwa mbali kama Voi na Taveta. Maana halisi ya kila chaneli imeandikwa ndani ya kumbukumbu ya redio, na huandikwa kwa kompyuta.

Katika kila chaneli mna mambo kadhaa. Kuna masafa ya kupokea na masafa ya kutuma. Redio zikizungumza moja kwa moja, masafa hayo mawili huwa sawa. Zikipitia ripita, yaani mtambo ulio juu ya mlima unaopokea sauti na kuirusha upya, huwa tofauti. Kuna upana wa chaneli, kwa kawaida kilohezi 12.5 au 25. Redio moja ikiwekwa upana mwembamba na nyingine mpana, zitasikilizana lakini sauti itakuwa hafifu upande mmoja na yenye kukwaruza upande wa pili, na watu watalaumu betri. Kuna nguvu ya kutuma, kubwa au ndogo. Kuna kikomo cha muda, ambacho hukata mazungumzo ya mtu aliyekalia kitufe bila kujua na kuziba chaneli ya wote.

Halafu kuna toni, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Pamoja na sauti ya mtu, redio hutuma mlio mdogo wa chini ambao sikio halisikii kwa sababu redio inayopokea huuchuja. Toni za kawaida huanzia hezi 67.0 hadi 254.1. Redio inayopokea ikiwa imeambiwa isubiri toni ya 88.5, haitafungua spika mpaka iisikie. Kwa hiyo redio mbili zinaweza kuwa kwenye masafa yaleyale barabara, taa ya kupokea ikawaka kila mwenzako anapobonyeza, na usisikie neno. Ukiona taa inawaka bila sauti, shuku toni kabla ya kushuku redio.

Wauzaji wengine huita toni hizi namba za siri. Si siri hata kidogo. Toni inakuzuia wewe usisikie wengine. Haimzuii mtu mwingine kukusikia wewe. Yeyote aliye kwenye masafa hayo bila kuweka toni yoyote upande wa kupokea atasikia mazungumzo yenu yote. Msitaje redioni mahali pesa za kikundi zilipo.

Leseni kabla ya kompyuta

Masafa si mali ya anayeyakuta. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, masafa hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kutumia redio ya kutuma bila leseni ni kosa. Kikundi, shule, hoteli au kampuni ya ulinzi huomba leseni, hupewa masafa yake, na hulipa ada ya kila mwaka. Redio yenyewe pia inatakiwa iwe ya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka hiyo kutumika nchini. Makao makuu yako Nairobi, na kwa upande wetu wa Pwani kuna ofisi Mombasa.

Tunajua wengi huruka hatua hii. Wananunua redio za bei nafuu, wanazitoa kwenye boksi na kuanza kuzungumza. Redio ndogo ya Baofeng BF-888S, ambayo iko kila mahali, hutoka kiwandani ikiwa tayari na chaneli 16 zilizojazwa. Kuyakuta masafa hayo ndani ya redio si kupewa leseni ya kuyatumia. Ni kiwanda tu kilichoyajaza. Kila aliyenunua redio hiyo anayo yaleyale. Ndiyo maana mlinzi wa jengo linalojengwa husikia mazungumzo ya watu wa harusi, na watu wa harusi humsikia yeye.

Kuingiliana na harusi ni jambo dogo. Lakini redio za mkono za VHF hufika megahezi 136 hadi 174, na ndani ya eneo hilo mna watumiaji wa dharura. Chaneli ya 16 ya baharini, ambayo vyombo vyote hutumia kuomba msaada, ni megahezi 156.8. Mtu wa bara atauliza sisi na bahari wapi na wapi. Jibu liko juu ya milima yetu. Kilele cha Vuria kina mita 2,208 kutoka usawa wa bahari. Kwa hesabu ya upeo, aliye juu kabisa anaweza kuona, hewa ikiwa safi, umbali wa zaidi ya kilomita 160, na mawimbi ya VHF husafiri karibu kama macho yanavyoona, hata mbele kidogo. Mombasa iko karibu katika ukingo wa duara hilo, na meli zenye antena ndefu ziko ndani yake. Upande wa Taveta, mawimbi hayajui mpaka. Redio iliyo kilimani inasikika Tanzania bila pasipoti.

Kwa hiyo karatasi ya leseni ndiyo hati ya kwanza ya kumpa fundi. Imeandikwa masafa, na fundi anaingiza yaliyoandikwa. Fundi anayekuambia "tutatafuta masafa ambayo hayana mtu" hana njia ya kujua kama hayana mtu. Ukimya wa dakika kumi hauthibitishi chochote, kwani mwenye masafa huenda huzungumza usiku tu.

Programu: kila redio na yake

Hakuna programu moja ya kupanga redio zote. Kila kiwanda kina ya kwake, na ndani ya kiwanda kimoja kila familia ya redio ina yake. Kosa linalowarudisha watu nyumbani mikono mitupu ni kumwambia fundi, "Ni Motorola," au, "Ni Kenwood." Hilo halimsaidii. Ondoa betri, soma kibandiko kilicho mgongoni mwa redio, na upige picha modeli nzima pamoja na herufi za mwisho. Herufi hizo mara nyingi huonyesha redio ni ya masafa gani na ilitengenezewa soko gani. Programu ya soko la Marekani inaweza kukataa kabisa kusoma redio iliyotengenezewa soko letu, hata kama kwa macho ni ndugu pacha.

Kwa Kenwood, programu huwa na namba zinazoanza na herufi KPG na kuishia na D. Redio za TK-2000 na TK-3000, kwa mfano, hutumia KPG-137D. Icom hutumia majina yanayoanza na CS. Motorola huita ya kwao CPS, lakini CPS ya redio za dijitali za MOTOTRBO si ile ya redio za zamani za GP340, na mojawapo haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Hytera nao wana yao. Njia salama ya kupata programu hizi ni kupitia wakala aliyeidhinishwa na kiwanda. Nyingine huuzwa, nyingine hutolewa kwa mteja aliyesajiliwa. Ukiwa bado hujalipa redio ndio wakati wa kuiomba, kwa sababu wakati huo muuzaji bado anakutafuta wewe.

Kwa redio nyingi za bei nafuu kutoka Uchina kuna programu ya bure iitwayo CHIRP. Imeandikwa na watu wa kujitolea, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inasoma Baofeng, redio nyingine nyingi za aina hiyo, na baadhi ya Kenwood. Ichukue kwenye tovuti yao wenyewe. Usitarajie ifungue Motorola ya kazi.

Tatizo kubwa liko kwa nakala zinazozunguka kwenye flashi na kwenye kurasa za kupakua vitu vya bure. Fundi wengi huzitumia, na hatutajifanya hatujui. Mbali na kuwa ni mali ya wizi, mara nyingi nakala hizo hukutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuziweka. Kompyuta ya ofisi ya shule ina karo, alama za wanafunzi na barua za bodi. Kuizima kinga ili kupanga redio sita ni biashara mbovu. Vilevile, nakala ya toleo la zamani inaweza kusoma redio yako mpya nusu na kuiandikia nusu, na redio iliyoandikwa nusu huenda isiwake tena.

Neno moja kuhusu redio za mitumba. Zipo redio imara sana za miaka ya 1990, kama Motorola GP300, ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa. Programu yake ilitengenezwa kwa kompyuta za DOS zilizokwenda polepole. Kwenye kompyuta ya leo yenye kasi, mpangilio wa muda huvurugika, na inawezekana kuharibu kumbukumbu ya redio wakati wa kuandika. Pia inahitaji kiboksi cha katikati kati ya kompyuta na redio. Kama hakuna fundi mzee karibu nawe mwenye kompyuta nzee, ziache huko huko.

Kebo, ambapo pesa nyingi hupotea

Watu hudhani kebo ni waya tu, na kwamba ikiingia kwenye tundu imekubali. Kebo ya kupanga redio ina kazi ya kutafsiri. Tundu la zamani la kompyuta hutuma umeme wa volti 12 hivi, chanya na hasi, ilhali redio ndani yake huzungumza kwa volti 5 au 3.3. Kuunganisha moja kwa moja kunaweza kuunguza redio. Katika kebo za USB za siku hizi, kuna chipu ndogo ndani ya kichwa cha kebo inayofanya kazi hiyo yote, na ubora wa kebo ni ubora wa chipu hiyo.

Chipu zinazojulikana zaidi ni FTDI, Prolific na CH340. Mbili za kwanza zimeghushiwa sana, na viwanda vyenyewe vimejibu kwa ukali. Mwaka 2014 draiva ya FTDI, iliyoletwa na Windows yenyewe ikijisasisha kupitia intaneti, ilibadilisha namba ya utambulisho ya chipu bandia kuwa sufuri, na kebo nyingi zikafa siku hiyo bila wenyewe kujua sababu. Draiva mpya za Prolific nazo hukataa chipu bandia na hata chipu halali za matoleo ya zamani. Katika orodha ya vifaa vya Windows, yaani Device Manager, utaona alama ya njano au maandishi yanayosema kwamba hii si Prolific. Kebo hiyo huenda ilifanya kazi vizuri jana kwenye kompyuta ya fundi, kwa sababu yake ina draiva ya zamani. Ukikutana na hali hiyo, kuna watu hurudisha draiva ya zamani na kuendelea. Inafaa kwa siku moja. Lakini kompyuta ikijisasisha, utarudi palepale, na ushauri wetu ni kununua kebo yenye FTDI halisi kwa muuzaji anayekubali kuirudisha ikishindwa.

Kuhusu umbo la kichwa kinachoingia kwenye redio, aina iliyoenea zaidi ni ile ya pini mbili, nyembamba na nene, zinazoingia mahali pa earphone. Kenwood ndio walioieneza. Kebo yao ya asili ni KPG-22, na ya USB ni KPG-22U. Baofeng na wengine wengi wameiga tundu hilohilo, kwa hiyo kebo moja inaweza kuhudumia redio nyingi. Redio kubwa za Kenwood zenye kiunganishi cha pini nyingi ubavuni hutumia KPG-36, na zile za kufungwa kwenye gari huingia mahali pa maikrofoni kwa KPG-46. Kebo ya Icom ya USB ni OPC-478UC. Motorola hubadilisha kiunganishi karibu kwa kila familia, kwa hiyo nunua kebo kwa kutaja modeli, kamwe usinunue kwa kutazama picha.

Kuna kasoro moja ndogo inayopoteza asubuhi nzima. Plastiki ya kichwa cha pini mbili wakati mwingine ni nene, na kifuniko cha redio huizuia isizame mpaka mwisho. Mtu anaona imeingia, programu inasema redio haijibu. Sukuma kwa nguvu mpaka usikie imekaa. Ikigoma, fundi hupunguza plastiki kidogo kwa kisu.

Siku ya kupanga

Chaji betri ya redio mpaka ijae na tumia laptopu yenye betri nzima. Stima ikikatika katikati ya kuandika ndani ya redio, hasara ni yako. Chomeka kebo kwenye kompyuta kwanza, subiri ipewe namba yake ya COM, uiangalie kwenye Device Manager, kisha uchague namba hiyohiyo ndani ya programu. Malalamiko mengi ya "haisomi" huishia hapa: programu imewekwa COM1 na kebo iko COM5. Redio izimwe wakati wa kuchomeka, kisha iwashwe.

Hatua inayofuata ni kusoma, si kuandika. Hata kama redio ni mpya. Soma yaliyomo, uhifadhi faili hiyo kwa jina lenye modeli na tarehe, na usiiguse tena. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea. Nakili faili, fungua nakala, na ubadilishe humo. Ingiza masafa kama yalivyo kwenye leseni, nukta kwa nukta, maana tarakimu moja ikikosewa uko kwa mwingine. Weka upana ule ule kwa redio zote. Weka toni ileile pande zote mbili, kutuma na kupokea. Weka kikomo cha muda, sekunde 60 zinatosha kwa ujumbe wowote wa maana. Futa chaneli za kiwandani ambazo hamna leseni nazo, ili kijana anayechezea kitufe usiku asiingie kwa watu.

Andika kwenye redio moja tu kwanza, kisha ya pili. Zipeleke mbali, moja ibaki ofisini na nyingine iende mpaka mahali kazi inapofanyika, nyuma ya kilima au ndani ya korongo. Redio zikiwa mezani husikilizana hata zikiwa na makosa. Zikishaelewana mbali, ndipo uandike zilizobaki. Faili ya modeli moja usiiandike kamwe kwenye modeli nyingine, hata programu ikikuruhusu.

Baadhi ya redio huweza kunakiliana zenyewe kwa zenyewe kupitia kebo fupi, bila kompyuta. Ni njia nzuri kijijini, mradi zote ni za modeli moja na toleo moja.

Nenosiri na faili ni mali ya kikundi

Programu nyingi za kikazi humruhusu fundi kuweka nenosiri la kuzuia mwingine asisome au asibadilishe mipangilio. Lina faida yake: redio ikiibwa, mwizi hawezi kuona masafa yenu kwa urahisi. Lakini wapo wauzaji wanaoliweka bila kuwaambia wateja, ili kila kazi ndogo irudi kwao. Redio ni zenu, mmezilipia, lakini hamwezi kuongeza hata moja bila ruhusa yake. Ni kama kununua nyumba na muuzaji akabaki na ufunguo wa mlango wa mbele.

Dawa yake ni kuandika mapema. Katika barua ya oda au zabuni, kando ya idadi ya redio, betri na chaja, taja kwamba muuzaji atakabidhi kebo moja ya kupanga, programu halali au maelezo ya kuipata, faili ya mipangilio ya redio hizo kwenye flashi, na nenosiri lolote lililowekwa, kwa maandishi. Kebo ya ziada si gharama kubwa ukilinganisha na redio yenyewe. Malipo ya mwisho yasitoke kabla ya mtu wa kikundi, mbele ya kamati, kusoma redio moja kwa kebo hiyo na kuona mipangilio ikitokea kwenye skrini. Zoezi hilo huchukua dakika tano, na hapo ndipo ukweli wa muuzaji hujulikana.

Flashi hiyo isikae kwa mtu mmoja. Nakala moja iwe kwa mwenyekiti, nyingine kwa katibu, na karatasi iliyochapwa ya masafa na toni iwekwe pamoja na leseni. Vikundi vingi vimepoteza kila kitu kwa sababu katibu alihama au laptopu iliibwa.

Kama tayari mmekwama

Kwa wale ambao redio zao zimefungwa na aliyezifunga hayupo, bado kuna njia. Anzeni na leseni. Kama masafa yameandikwa hapo, hamhitaji kusoma redio ya zamani; redio mpya inaweza kupangwa kutoka mwanzo. Kinachokosekana kwa kawaida ni toni tu. Fundi mwenye kipima masafa anaweza kubonyeza mojawapo ya redio zinazofanya kazi karibu na kipimo hicho, na kusoma masafa inayotuma pamoja na toni yake. Linganisha masafa hayo na ya leseni. Yakitofautiana, aliyewapangia aliwaweka mahali msipopaswa kuwa, na afadhali mjue nyinyi kabla ya wakaguzi.

Kwa redio yenye nenosiri, wakala aliyeidhinishwa anaweza kusaidia ukimletea risiti na hati za umiliki. Kwa modeli kadhaa, kufungua ni kufuta kila kitu na kuanza upya, jambo lisilo na tatizo mkiwa na karatasi ya masafa. Programu zinazojinadi mtandaoni kwamba huvunja nenosiri la redio yoyote ziacheni. Nyingi zimebeba virusi. Na redio ya mitumba yenye nenosiri ambalo muuzaji halijui, na risiti hana, iulizie ilikotoka kabla ya kutoa pesa.

Kikundi kinachotaka kuomba leseni kijiandae na maelezo haya: eneo redio zitakapotumika, idadi yake, modeli, kama kuna ripita na itafungwa mlima gani, na urefu wa mnara au mlingoti. Maombi hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Fanyeni hivyo kabla ya kununua, kwa sababu masafa mtakayopewa ndiyo yatakayoamua kama mnunue redio za VHF au za UHF, na redio ya aina moja haiwezi kupangwa kuwa ya nyingine hata ukiwa na kebo na programu zote.